Mti Uchezao: Maisha na Kazi ya Mchongaji wa Usukuma

Mchongaji wa Usukuma ni fundi wa mti ambaye kazi zake hazikutengenezwa ziwekwe mahali zitazamwe. Zilikaliwa, zilitwangiwa, zilipigwa kwa viganja na kwa vijiti, zilinyanyuliwa juu ya vichwa vya watu katikati ya vumbi la uwanja wa ngoma. Eneo lake ni kusini mwa Ziwa Victoria, kuanzia mwambao wa Mwanza wenye mawe makubwa yaliyopandana, kupita Magu, Misungwi na Kwimba, kushuka hadi Maswa na Shinyanga. Wenyeji wa nchi hiyo ndio kabila kubwa kuliko yote Tanzania, na jina lao ni la upande: Wasukuma ni watu wa kaskazini, kwa kutazamwa na ndugu zao Wanyamwezi walioko kusini.

Riziki ya mchongaji ilitoka kwenye mpini. Usukuma ni nchi ya jembe, na jembe bila mpini ni kipande cha chuma tu. Kila kaya ilihitaji mipini, na mipini huvunjika kila msimu. Baada ya mipini vilikuja vinu na michi, miko, mabakuli, vyombo vya maziwa kwa wenye ng'ombe, mbao za bao, ambalo kwa Kisukuma huitwa isolo, na viti vifupi vya gogo moja vinavyoitwa isumbi. Sanamu ya mtu iliagizwa mara chache. Fundi ambaye angekaa kungoja wateja wa sanamu peke yake angelala njaa, ndiyo maana mchongaji wa sanamu alikuwa yuleyule wa vinu, na mkono uliochonga uso wa mwanasesere wa ngoma ulikuwa umechonga mamia ya mipini kabla yake. Jambo hili linafaa kukumbukwa na yeyote anayeona sanamu za Usukuma kuwa na mikato mikali isiyolainishwa sana. Ni mikato ya mtu aliyezoea kumaliza kazi kwa mapigo machache.

Ufundi ulipita ndani ya ukoo. Mtoto alianza kwa kukaa karibu na baba au babu, akiokota vibanzi vya kuwashia moto, kisha akapewa kazi ya kumenya magome. Mpini ulikuwa darasa la kwanza kwa sababu ukiharibika hasara yake ni ndogo. Kinu kilifuata, maana kinafundisha kuchimba ndani ya mti bila kutoboa ubavu. Kiti kilikuja baadaye, na ngoma baadaye zaidi. Kwa imani ya Wasukuma, kipaji ni urithi kutoka kwa masamva, yaani wahenga wa ukoo, hivyo kijana aliyewazidi wenzake alionekana kuwa amerudisha mkono wa babu fulani. Wala uchongaji haukumwondoa mtu shambani. Mvua zikinyesha mchongaji alilima kama jirani zake. Tezo ilishuka kutoka darini wakati wa kiangazi, mazao yakishaingia ghalani na miti ikiwa imepunguza maji. Kiangazi hichohicho ndicho msimu wa ngoma. Kalenda ya mchongaji na ya mcheza ngoma zilikwenda pamoja tangu mwanzo.

Zana zake zilikuwa chache: shoka la kuangushia na kukata gogo, tezo, kisu, patasi, na chuma chembamba cha kuchoma motoni na kutobolea. Tezo ndiyo kuu. Bapa lake limefungwa kukingama mpini, mfano wa jembe dogo, na fundi huivuta kuelekea kwake. Kwa kawaida huketi chini, akalishika gogo kwa nyayo za miguu miwili, akawa anachonga kwa mkono mmoja huku wa pili ukiligeuza. Zamani bapa hilo lilitoka kwa wahunzi wa nchi. Magharibi ya ghuba ya Mwanza, katika Uzinza, Warongo walikuwa mabingwa wa kuyeyusha chuma, na majembe yao yalisafiri mbali kwa biashara ya kubadilishana. Majembe ya viwandani yalipoingia, matanuri yale yalizimika polepole, na baadaye springi za magari mabovu zikawa chuma cha kufulia tezo, kama ilivyo kwa mafundi wengi wa Afrika Mashariki. Kulainisha kulifanywa kwa majani makavu ya mti wenye ukwaruzaji mkali. Kiswahili kimehifadhi kumbukumbu ya kazi hiyo: karatasi ya dukani inayouzwa leo kwa jina la msasa imerithi jina la mti huo.

Ugumu wa kazi hii haumo katika kukata. Umo katika kukausha. Mti mbichi ni laini na hukatika vizuri, lakini unapokauka hujivuta, na unajivuta zaidi kwa kuzunguka kuliko kwa urefu. Matokeo yake ni nyufa zinazotoka kwenye moyo wa gogo na kukimbilia pembeni kama miale ya jua. Kiti cha isumbi huchongwa gogo likiwa limesimama wima, nyuzi za mti zikishuka kutoka kikalio hadi miguuni, kwa sababu mguu ambao nyuzi zake zimelala utavunjika siku mtu mnene atakapokaa. Lakini kwa kulisimamisha gogo hivyo, moyo wake huangukia katikati ya kikalio, palepale ufa unapopenda kuanzia. Fundi mzoefu hutafuta mti mnene, akaupasua, akachukua upande mmoja na kuuacha moyo nje. Asipopata mti wa unene huo, huchonga kiti kwa umbo la mwanzo kikiwa kibichi, akakiweka kivulini mbali na upepo kikauke taratibu, kisha akarudi baada ya wiki kadhaa kumalizia. Ufa ukitokea juu ya juhudi zote hizo, huzibwa, au hushonwa kwa waya au bapa la chuma. Viti vya zamani vyenye mishono ya namna hiyo vinaonyesha kwamba mwenye navyo alivithamini. Angeweza kuagiza kingine.

Ngoma ina taabu nyingine. Gogo huchimbwa kutoka ncha zote mbili kwa patasi yenye mpini mrefu hadi mashimo yakutane, na unene wa ukuta ndio huamua sauti. Fundi hupima kwa kugonga kwa kidole cha kati na kusikiliza, pale anaposikia mlio mzito huendelea kuchimba. Ngozi ya ng'ombe hulowekwa, ikawambwa ikiwa mbichi, ikakazwa kwa vigingi vidogo vya mti mgumu vinavyozunguka mdomo wa ngoma. Ikikauka hukaza yenyewe. Kabla ya kuchezwa huwekwa karibu na moto wa nyasi ili mlio upande. Mtu akiona vigingi vilivyopangwa kwa vipimo sawa kabisa kuzunguka ngoma kubwa, asidhani ni pambo tu: kigingi kimoja kikikaa vibaya ngozi huvuta upande, na ngoma inatoa sauti mbili.

Mteja mkubwa kuliko wote alikuwa mtemi. Kabla ya ukoloni nchi ya Wasukuma ilikuwa na himaya ndogo nyingi, kila moja na mtemi wake, kila mtemi na ngoma zake na kiti chake. Ngoma ya utemi haikuwa chombo cha muziki peke yake; kuwa nayo ilikuwa sehemu ya kuwa mtawala. Namna kiti cha enzi cha eneo hili kilivyokuwa inaonekana vizuri katika kiti cha utemi wa Buruku, Unyamwezi, kilichochukuliwa na Wajerumani mwaka 1898 na ambacho hadi leo ni mali ya makumbusho ya Berlin. Kina miguu mitatu, kikalio cha duara na mgongo mrefu, jumla yake zaidi ya mita moja, na katika mgongo huo imechongwa sanamu ya mtu. Vyote vimetoka katika gogo moja. Mtemi aliyeegemea kiti hicho aliegemea umbo la binadamu. Ni miongoni mwa kazi za mti za Tanzania zinazojulikana zaidi duniani. Jina la aliyeichonga halikuandikwa popote.

Kwa waganga kazi ilikuwa ya siri zaidi na ndogo zaidi kwa ukubwa. Mfumu, yaani mganga na mpiga ramli, aliweza kuagiza sanamu, fimbo au chombo cha kuhifadhia dawa. Hapa mgawanyo wa kazi ulikuwa wazi. Mchongaji alitoa umbo. Nguvu ilitiwa na mganga kwa dawa alizozijua mwenyewe, zilizopakwa au kufungwa kwenye mti. Methali ya Kiswahili husema kinyago cha kuchonga mwenyewe hakikutishi, na kwa kiasi fulani ni kweli kwa mchongaji wa Usukuma, aliyekiona kinyago chake kikiwa kuni zilizokatwa vizuri. Lakini kinyago hicho kilipotoka mikononi mwake kikarudi kimepakwa dawa, yeye pia alikipisha njia kama watu wengine.

Mahali ambapo mchongaji wa sanamu alipata uhuru wake kamili ni uwanja wa ngoma, na ili kuelewa sanamu hizo ni lazima kwanza kuelewa mashindano. Katika karne ya 19 walitokea waganga na viongozi wa ngoma wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, wa Gumha wakaitwa Bagalu, na mpaka leo vyama vingi vya ngoma vya Usukuma vinajihesabu upande mmoja au mwingine, kama vile mashabiki wa mpira wanavyogawanyika kati ya Simba na Yanga. Vikundi viwili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na watu wako huru kwenda wanakotaka. Kikundi kinachovuta umati mkubwa ndicho kilichoshinda. Hakuna alama zinazoandikwa wala jaji anayepuliza kipenga. Watu wakihama kutoka upande huu kwenda ule, kiongozi anaona kwa macho yake mwenyewe kwamba anashindwa, na mtazamaji aliyehama akichoka anaweza kurudi.

Ushindani wa namna hiyo huzaa mbinu. Kiongozi wa ngoma, ambaye kwa Kisukuma huitwa ningi, alikuwa mtunzi, mwimbaji na mganga wa kikundi chake, au alikuwa na mganga wake. Alitumia samba, dawa ya kuvuta watu. Alitunga nyimbo za kumkejeli mpinzani. Wacheza nyoka walileta chatu na kumvisha shingoni. Wawindaji wa nungunungu, wanaoitwa Banunguli, walicheza na mnyama wao. Wengine walikuja na fisi. Katika bugobogobo, ngoma iliyozaliwa katika kazi ya kulima kwa pamoja, vijana walirusha majembe hewani na kuyadaka. Na katika vurugu hiyo yote, mchongaji alitoa silaha yake: mwanasesere wa mti.

Mwanasesere huyo si sanamu ya kusimama. Kiwiliwili chake ni kirefu na chembamba, mara nyingi bila miguu au chenye miguu iliyodokezwa tu, kwa kuwa sehemu ya chini hushikwa mkononi au hufichwa na nguo. Kichwa ni kidogo na cha duara juu ya shingo ndefu. Macho huwa shanga zilizobanwa ndani ya matundu, ili zing'ae jua likipiga. Wengine hupachikwa meno, wengine nywele. Mikono huchongwa kando, peke yake, kisha huunganishwa mabegani kwa kamba, ukanda wa ngozi au msumari. Mchezaji akimtikisa, mikono inaruka. Akimwinamisha, inaning'inia kama ya mtu aliyechoka. Akimzungusha kwa kasi, inatanuka kama mbawa, na umati unapiga kelele.

Ukitazama kwa karibu bega la mwanasesere wa zamani utaona ufundi wenyewe ulipo. Tundu limepita kiwiliwili kutoka bega hadi bega, limechomwa kwa chuma cha moto, kwa hiyo kuta zake ni nyeusi na laini. Tundu la kutobolewa kwa kisu lingekuwa na kingo kali ambazo zingeikata kamba baada ya ngoma chache. Uso wa bega umesawazishwa ili mkono uteleze juu yake. Mkono wenyewe ni mzito kidogo upande wa kiganja kuliko upande wa bega, maana uzito ukiwa chini mkono hurudi wenyewe baada ya kurushwa. Pua, masikio na vidole, ambavyo mchongaji wa mahali pengine angevishughulikia kwa siku nyingi, hapa vimepigwa kwa mikato miwili mitatu. Mtazamaji wa ngoma yuko hatua 20 au 30 kutoka kwa mwanasesere, amebanwa na watu, na kinachomfikia ni mwendo. Mchongaji aliweka muda wake mahali ambapo jicho la umati lingefika.

Kwa mantiki hiyohiyo vilichongwa vinyago vya kuvaliwa usoni, ambavyo Usukuma si vingi. Vina midomo mipana, meno yaliyopachikwa na ndevu za manyoya, na vilikusudiwa kuchekesha au kutisha kwa dakika chache. Mtu akivipima kwa kipimo cha vinyago vya Kongo ataviona vikali na vya haraka, na atakuwa ameona sawasawa, lakini atakuwa amekosa kicheko chake.

Mfumo huu ulikuwa na athari moja kubwa kwa maisha ya mchongaji: ulimficha. Mwanasesere aliyesifika alisifika kwa jina la ningi aliyemchezesha, au la kikundi. Nyimbo za Usukuma zimehifadhi majina ya watunzi wengi, kwa kuwa mtunzi hujitaja ndani ya wimbo wake na ni kawaida yake kujigamba. Mti hauna mstari wa kujitaja. Mchongaji alilipwa kwa mbuzi, kwa majembe, baadaye kwa shilingi, na habari zake zikaishia kijijini. Kwa hiyo wasifu wake, tofauti na wa msanii wa mjini, hauna orodha ya maonyesho wala tarehe za kazi. Unasomeka kwenye kazi zenyewe, katika namna bega lilivyochongwa na katika kiti kilichoshonwa ufa.

Waandishi na wakusanyaji walipoanza kuzitazama kazi hizi hawakuwa wakimtafuta mchongaji. Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi ya utafiti wa mila kwa serikali ya Tanganyika na kuishi miaka mingi Mwanza, aliandika juu ya sheria na desturi za Wasukuma, na mwaka 1953 alichapisha maelezo ya michoro ya ukutani ya chama cha wacheza nyoka. Kitabu chake cha mwaka 1956 kuhusu sanamu za udongo zinazotumika jandoni na unyagoni kimejaa maelezo ya matumizi na maana, nyingi zikiwa za makabila ya upande wa mashariki. Ni kazi ya thamani, na nyaraka zake zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini hata ndani yake kinachoulizwa ni sanamu inasema nini, si nani aliyeifinyanga.

Kwa muda mrefu pia wataalamu wa Ulaya waliamini kwamba Afrika Mashariki haina uchongaji wa kutajwa, ukilinganisha na Kongo au Nigeria. Maonyesho makubwa ya sanamu za Tanzania yaliyofanyika Ujerumani mwaka 1994, Berlin na Munich, yalitikisa imani hiyo, na mwaka 2013 yakafuata maonyesho mengine New York yaliyoitwa kwa Kiswahili, Shangaa. Katika makumbusho na makusanyo ya nje, wanasesere wa Usukuma husimamishwa juu ya vyuma vyembamba chini ya taa. Wengi wamepoteza mikono. Kamba zilioza, mikono ikaanguka, kikabaki kiwiliwili kirefu chenye matundu mabegani, na watazamaji wakakisifu kwa utulivu na upole wake. Mchongaji angecheka. Utulivu ndicho kitu pekee ambacho hakukusudia.

Nyumbani, badiliko kubwa lilikuja kutoka pande mbili karibu wakati mmoja. Mwaka 1963, miaka miwili baada ya uhuru, sheria ilifuta mamlaka ya machifu nchini Tanganyika. Watemi wakabaki raia, na ngoma na viti vyao vikabaki vyombo visivyo na kazi. Vingine viliwekwa darini vikaliwa na mchwa. Vingine vilikuwa na bahati ya kufika Bujora.

Bujora iko Kisesa, kilomita zipatazo 20 kutoka Mwanza mjini, kando ya barabara ya Musoma. Hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, alifika David Clement, padri Mkanada wa shirika la Mapadri Weupe, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Wakati ambapo wamisionari wengi walikuwa bado wanahubiri ngoma ziachwe, yeye alijenga kanisa la duara kwa mfano wa msonge, akaingiza ngoma katika ibada na alama za utemi katika mapambo ya kanisa. Hoja yake ilieleweka kirahisi na mkulima wa Kwimba: ikiwa Kristo ni mfalme, basi apewe heshima anazopewa mtemi. Pamoja na kamati ya wazee wa Kisukuma alikusanya vyombo, akaandika maelezo yake, na makumbusho ya Bujora yakafunguliwa mwaka 1968. Jumba la utemi lilijengwa kwa umbo la kiti cha enzi, kubwa kiasi cha watu kuingia ndani yake, na humo zimepangwa ngoma na vifaa vya watemi kufuata koo zao. Jumba jingine ni la vyama vya ngoma, Bagika na Bagalu. Clement alifariki mwaka 1986.

Kwa mchongaji, Bujora ilikuwa mteja mpya aliyekuja wakati mteja wa zamani anaondoka. Ngoma za kanisani zilihitaji kuchongwa, na ilikuwa ni ngoma zilezile. Kila Juni, kuambatana na sikukuu ya Ekaristi, hufanyika Bulabo, neno la Kisukuma lenye maana ya maua, na vikundi vya ngoma kutoka pande nyingi za Usukuma hushindana kwa desturi ya zamani, mbele ya umati unaochagua wenyewe. Mashindano yakiwepo, kuna sababu ya kutengeneza ngoma mpya, vinyago na vifaa vya kuchezea.

Ng'ambo ya Ziwa Victoria, njia ya mchongaji ilichukua sura nyingine. Gregory Maloba, aliyezaliwa magharibi mwa Kenya mwaka 1922, alisoma Makerere chini ya Margaret Trowell, akawa mwalimu hapohapo, na sanamu yake ya uhuru wa Uganda ya mwaka 1962 imesimama katikati ya Kampala: mtu mrefu aliyefungwa nguo kwa kuzungushwa, anamwinua mtoto juu. Baadaye alihamia Chuo Kikuu cha Nairobi. Huko Tabaka, katika nchi ya Wakisii, jiwe la sabuni limechongwa kwa vizazi, na mmoja wa wachongaji wake, Elkana Ong'esa, alifikisha ndege wake wa amani, Enyamuchera, katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Hawa wana majina, tarehe na picha vitabuni. Tofauti yao na fundi wa Magu si ya kipaji. Wao walipita mahali ambapo kazi hutiwa saini, chuo au soko la nje, naye hakupita.

Wamakonde, waliotoka nyanda za juu za Mueda kuvuka mto Ruvuma, wanaonyesha jambo hilohilo. Samaki Likankoa hutajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa shetani mwishoni mwa miaka ya 1950, na jina lake lilihifadhiwa kwa sehemu kubwa kwa sababu kazi zilipitia kwa mfanyabiashara wa Dar es Salaam, Mohamed Peera, aliyewajua wachongaji wake mmoja mmoja. Soko hilo liliifanya Makonde kuwa ndiyo sanaa ya Tanzania machoni pa wageni. Ndiyo maana mtalii anayepita Mwanza kuelekea Serengeti akitaka kinyago huoneshwa mpingo mweusi uliong'arishwa, mali ya kusini kabisa mwa nchi, na mwanasesere wa Kisukuma haonekani rafuni. Hang'ai, hakai wima mwenyewe, na bila mtu wa kumchezesha ni vigumu kueleza bei yake.

Kuna pia suala la mti wenyewe. Usukuma ilikatwa miti kwa sababu nyingi zilizofuatana. Katika miaka ya 1920 na 1930 vichaka vya Shinyanga vilifyekwa kwa mpango wa serikali ili kuangamiza mbung'o. Kisha pamba ikachukua mashamba mapya, mifugo ikaongezeka, na kuni zikahitajika mijini. Mchongaji aliyekuwa akitembea nusu saa kufikia mninga alilazimika kwenda mwendo wa siku, au kununua gogo. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao ulifufua desturi ya ngitili, yaani kutenga eneo la malisho likapumzishwa ili nyasi na miti viote upya kwa ajili ya kiangazi. Maelfu ya hekta yamerudi kuwa na miti. Mingi ni migunga na vichaka, mizuri kwa mipini na vigingi. Mti wa unene wa kutoa ngoma kubwa huchukua miaka mingi zaidi kuliko umri wa mradi, na sehemu nyingi kuukata kunahitaji kibali.

Kwa sababu hiyo kazi ya mchongaji wa leo imeelemea ukarabati. Vikundi vya ngoma na kwaya humletea ngoma zilizotoboka ngozi kuliko zinavyoagiza mpya. Huanza kwa kung'oa vigingi kimoja kimoja kwa koleo, akivipanga chini kwa mfuatano kwa sababu kila kigingi kimeshalizoea tundu lake. Hukwangua mdomo wa gogo, huziba ufa uliopo kwa unga wa mbao na gundi, huloweka ngozi mpya usiku kucha, na asubuhi huwamba. Vigingi vinarudi vilikotoka, isipokuwa vitatu vinne vilivyovunjika ambavyo huchongwa upya kwa tezo, kazi ya dakika chache. Ngoma huachwa kivulini ikauke, na jioni ya siku ya pili mwenyewe huja kuijaribu.